Kutoka haibridi kwenda umeme mtupu: kabla hujauliza betri, uliza gari litalala wapi

Bwana Hesabu (#1)

Wakuu, kwema?

Swali la "nimechoka na mafuta, nichukue haibridi au niruke moja kwa moja kwenye umeme?" halikauki humu. Na majibu ni yaleyale: mmoja anasema betri itakufa, wa pili anasema haibridi ni nusu umeme kwa hiyo inatosha, wa tatu anabandika video ya gari linaungua, uzi unageuka kijiwe cha ubishi. Leo twende kwa namba. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Tuanze na haibridi, yaani gari la petroli lenye mota ya umeme na betri ya kuisaidia injini, maana wengi wanaipa sifa isiyo yake. Toyota Prius iliingia sokoni Japani Desemba 1997, Honda Insight ikafuata 1999. Haibridi ya namna hii, isiyochomekwa popote, haina chanzo kingine cha nguvu zaidi ya tangi la petroli. Kila kitu kimetoka humo. Betri ya Prius ya kizazi cha pili ilikuwa na kama kWh 1.3, yaani uniti moja na kitu. Hiyo haikupeleki safari. Kazi yake ni kupokea na kurudisha: ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta, na nguvu ambayo ingeishia kuwa joto kwenye diski inaingia kwenye betri, ukiondoka kwenye taa inatoka. Injini nayo inapata ruhusa ya kuzima kwenye foleni na kufanya kazi pale inapoiweza zaidi. Ile ya Prius ya 2016 ilifikisha ufanisi wa asilimia 40 katika hali yake bora, na kwa injini ya petroli hiyo ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini igeuze namba hiyo: hata ikiwa kwenye siku yake nzuri kabisa, asilimia 60 ya mafuta uliyonunua inapasha joto hewa ya nje.

Kwa hiyo haibridi ni gari la petroli lisilo na ufujaji. Sifa kubwa, lakini si nusu umeme.

Sasa tupige hesabu. Haibridi nzuri inakula lita 4.5 kwa kilomita 100. Lita moja ya petroli imebeba karibu kWh 9, kwa hiyo umechoma kama uniti 40. Gari la umeme la umbo hilohilo linatumia uniti 15 hadi 18 kwa mwendo huo, na ukiweka kinachopotea wakati wa kuchaji, tuseme limevuta 19 kutoka ukutani. Chini ya nusu.

Upande wa hewa chafu ndipo watu wanapotupiana maneno. Lita ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 za kaboni dioksidi, hivyo haibridi yetu inaacha kilo 10 na kidogo kila kilomita 100. Ukihesabu na uchimbaji, usafishaji na usafirishaji wa mafuta yenyewe, inasogea kwenye kilo 12. Gari la umeme linategemea mtambo ulio nyuma ya soketi yako. Makaa ya mawe hutoa karibu kilo 1 kwa kila uniti, kwa hiyo uniti 19 ni kilo 19, na hapo haibridi imeshinda, tusifichane. Gesi asilia ni gramu 400 hadi 500 kwa uniti, unapata kilo 8 hadi 9 na nusu. Maji, upepo na jua, hufiki hata kilo 1. Mstari wa sare uko kwenye gramu 600 na ushee kwa uniti. Gridi yako, yaani umeme wa nchi yako kwa ujumla, ikiwa juu ya hapo, kwa leo haibridi ni safi zaidi. Ikiwa chini, umeme.

Halafu kuna deni la kiwandani. Kutengeneza betri ya gari la umeme kunatoa, kwa makadirio yanayotumika sana, kilo 60 hadi 100 za kaboni dioksidi kwa kila kWh. Betri ya kWh 60 ni kama tani 5 hivi kabla gari halijazunguka tairi. Kwenye gridi ya gramu 200 kwa uniti unaokoa kilo 8 na kidogo kila kilomita 100 ukilinganisha na haibridi, kwa hiyo deni linaisha kwenye kilomita 60,000 hivi. Kwenye gridi ya gramu 400 linasogea hadi 110,000 na zaidi. Angalieni vizuri hapo: matangazo hulinganisha umeme na petroli ya kawaida, ndiyo maana jibu lao huwa tamu. Anayehama kutoka haibridi ana safari ndefu zaidi ya kulipa deni hilo. Bado linalipika, maana gari litaishi zaidi ya hapo na gridi nyingi zinazidi kusafishwa mwaka hadi mwaka, kitu ambacho petroli haiwezi kufanya.

Lakini yote hayo ni ya dunia. Ya kwako wewe mnunuzi ni moja: gari linalala wapi? Likilala palipo na soketi ya kawaida ya kW 2, saa 10 za usiku zinakupa uniti 20, kilomita 100 za kesho. Ukifungiwa chaja ya kW 7, usiku mmoja ni kilomita 300. Mtu wa namna hiyo anasahau kabisa kwamba kuna kitu kinaitwa kituo. Likilala barabarani, au chini ya ghorofa ambalo mwenye nyumba hataki kusikia habari ya waya, unaishi kwa chaja za hadharani. Hapo raha ya umeme inapungua kwa kasi, bei ya uniti inapanda, na muda wako unaliwa.

Karibuni.

Mzee wa Dizeli (#2)

Nimesoma yote. Bado niko na dizeli yangu. Endeleeni, nawasikiliza.

Gia ya Tano (#3)

Mkuu umeruka haibridi ya kuchomeka. Ile ina betri ya kutosha kilomita 50 au 60 za umeme, ukitoka nje ya mji unawasha petroli. Mimi naona ndiyo jibu la kila mtu.

Bwana Hesabu (#4)

Kwenye karatasi, ndiyo. Magari mapya ya Ulaya yana kipimo cha mafuta ndani ya kompyuta yake, na 2024 Tume ya Ulaya ikatoa data ya magari yaliyosajiliwa 2021. Haibridi za kuchomeka zilitoa kaboni dioksidi mara 3.5 ya kile kilichoandikwa kwenye vyeti vya maabara. Petroli na dizeli za kawaida nazo zilizidi vyeti vyao, ila kwa asilimia 20 tu. Maabara ilidhani watu watachomeka. Watu hawakuchomeka! Nyingi zilikuwa magari ya kampuni: mafuta analipa mwajiri kwa kadi, umeme wa nyumbani unalipa mwenyewe. Niambie nani angechomeka. Kebo zingine za kuchajia zimerudishwa mwisho wa mkataba zikiwa bado ndani ya nailoni.

Kwa mwenye soketi anayesafiri mbali mara mojamoja, ni gari zuri kweli. Kwa asiye na soketi ndiyo chaguo bovu kuliko yote: unabeba uzito wa betri ambayo haina kitu.

Ila sisemi zimekufa. China, ambako 2024 karibu nusu ya magari mapya yalikuwa ya kuchomeka (umeme mtupu na haibridi kwa pamoja), haibridi hizi zinauzwa sana, pamoja na zile ambazo injini ni jenereta tu na matairi yanasukumwa na mota. BYD, kampuni ya magari ya China, waliacha kutengeneza magari ya petroli tupu Machi 2022 na tangu hapo wanauza umeme mtupu na haibridi za kuchomeka. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba kila nchi inapanda ngazi ileile, haibridi, kuchomeka, umeme.

WayaChungwa (#5)

Naomba niongee kama fundi, maana namba mmepewa.

Haibridi zinazoletwa gereji na taa nyekundu ya pembetatu, nyingi ugonjwa unaanzia kwenye feni. Betri ya nyuma inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye wavu mdogo, na mwenye gari hajui ni la nini. Analifunika kwa begi, kwa koti, kwa mtoto aliyelala. Ukifungua unakuta mapanga ya feni yamevaa vumbi na manyoya ya mbwa kama yamevishwa sweta. Betri imekuwa ikipumua humo miaka. Kusafisha ni kazi ya bisibisi na brashi. Kutosafisha ni betri nzima.

Betri yenyewe kwenye Prius nyingi za nikeli ni moduli 28 zilizopangwa mfululizo, kila moja volti 7.2, jumla 201.6. Ikichoka moja, gari linalalamika zima. Hapo ndipo mafundi wa njia ya mkato wanapobadilisha ile moja tu na kufuta taa. Baada ya miezi michache inakufa jirani yake, kwa sababu iliyo mpya na zilizochoka hazichaji sawa. Ukiambiwa "tunaweka moduli moja tu", uliza wamezipima zote na kuzilinganisha, au wamefuta taa.

Wale wanaosema haibridi ina mifumo miwili kwa hiyo ina matatizo mara mbili, si kweli. Mfumo wa Toyota hauna stata, hauna alteneta, hauna klachi, na gia zake ni seti moja inayozunguka bila mikanda ya kuteleza. Umeme umeondoa vitu vya kuharibika kwenye upande wa petroli.

Gari la umeme linaondoa vilivyobaki. Oili ya injini hakuna, plagi hakuna, mkanda wa taimingi, ekzosi, pampu ya mafuta, vyote kwaheri. Kinachobaki watu wanakisahau: maji ya kupoza betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uifae mota), oili kidogo ya gia ya mota, mafuta ya breki, vichujio vya hewa ya kabini, na betri ndogo ya volti 12. Ndiyo, bado ipo. Utakuta gari lina kWh 60 chini ya sakafu na milango haifunguki kwa sababu betri ya volti 12 imelala. Breki nazo zinaumwa kwa kutofanya kazi: mota inapunguza mwendo karibu kila mara, diski zinakaa hadi zinashika kutu. Matairi yanaisha mapema, gari ni zito na mota inavuta ghafla.

Na nyaya za rangi ya chungwa, vijana, si za kuchezea. Haibridi nyingi ni volti 200 na kwenda juu, umeme mtupu ni 400, mengine 800. Zima gari, peleka ufunguo mbali, toa betri ya volti 12, chomoa plagi ya kukatia umeme mkubwa, subiri dakika 10 kapasita zimwage chaji, kisha pima kwa mita hadi uone sifuri. Glavu za volti 1000, zisizo na tundu. Huna vifaa hivyo, hiyo kazi si yako bado.

Gia ya Tano (#6)

Madini haya. Fundi ubarikiwe.

Mzee wa Dizeli (#7)

Haya, mmeniamsha. Bwana Hesabu, nipigie na hii. Toyota wamekuwa wakisema madini yanayotosha betri moja ya gari la umeme la masafa marefu yanaweza kutengeneza haibridi 6 za kuchomeka, au haibridi 90 za kawaida. Tisini! Sasa kwa nini nimpe mtu mmoja betri nzima akatembelee peke yake, wakati watu 90 wangepunguza mafuta?

Bwana Hesabu (#8)

Mzee, hoja hiyo ina uzito, na wanaoicheka hawajaisoma. Kama madini yangekuwa ndoo moja isiyoongezeka, Toyota wangekuwa sahihi moja kwa moja.

Tatizo ni neno "kama". Miaka ya betri adimu imepita sehemu kubwa. Kwa hesabu za BloombergNEF, watafiti wa masoko ya nishati, kWh moja ya betri ilikuwa zaidi ya dola 1,000 mwaka 2010. 2024 ilikuwa dola 115. Bei haishuki hivyo kwa kitu kinachokwisha duniani. Na kemia imebadilika: betri za chuma na fosfeti hazina kobalti wala nikeli kabisa, na sasa ni sehemu kubwa ya betri zinazotengenezwa kwa ajili ya magari. Litiamu bado inahitajika, hilo silikatai.

Pili, haibridi 90 zitaendelea kununua petroli hadi siku ya kufa. Zikifa, petroli hiyo huirudishi. Betri ya gari la umeme ikichoka, nikeli na kobalti na litiamu bado zimo ndani na zinachimbuliwa tena kiwandani. Kwa hiyo swali lako linanishinda kwa miaka kumi, halinishindi kwa thelathini.

Mzee wa Dizeli (#9)

Miaka kumi ndiyo niliyobakiza kwenye usukani, kijana. Kwangu nimeshinda.

Mama Wawili (#10)

Wakuu samahani nawarudisha chini. Naona Nissan Leaf za mwanzo, zile za umeme mtupu, zinauzwa kwa bei ya kutupa. Mimi kwangu ni joto mwaka mzima. Kuna mtego?

WayaChungwa (#11)

Dada, mtego upo na ni huohuo ulioutaja, joto. Leaf ilitoka Desemba 2010 ikiwa na betri ya kWh 24 isiyo na maji ya kupoza. Kufikia 2012 wenye magari hayo kule Arizona walikuwa wanalalamika betri zinasinyaa mapema, na Nissan wakaishia kuongeza waranti ya uwezo wa betri. Kwenye dashibodi, pembeni kabisa ya kipimo cha chaji, kuna vistari 12 vyembamba. Hivyo ndivyo afya ya betri, si vile vinene. Cha kwanza kikipotea, karibu asilimia 15 imeondoka. Ukikuta vimebaki 8, hilo ni gari la kuzunguka mtaani, mradi bei nayo iwe ya mtaani.

Usiamini vistari peke yake, kuna wajanja wanavirudisha kwa kompyuta kabla ya kuuza. Lijaze chaji, liendeshe kilomita 30 au 40, uone asilimia ngapi zimeondoka.

La pili ni tundu la kuchajia haraka. Leaf hizo zinatumia aina ya plagi iitwayo CHAdeMO, na Ulaya na Marekani chaja mpya zinaelekea kwingine. Angalia chaja za njia unazopita kabla ya kulipa.

Magari ya umeme yaliyokuja na maji ya kupoza betri yanavumilia joto vizuri zaidi. Na zile betri za chuma na fosfeti alizotaja Bwana Hesabu zinazeeka polepole, hazishiki moto kirahisi, na unaweza kuzijaza hadi 100 bila dhambi. Shida yake ni uzito, na kwenye baridi kali zinakataa kuchaji haraka, ambayo kwako si tatizo.

Kanuni Moja (#12)

Naongeza upande wa sheria kwa kifupi, maana nao unavuta bei.

Msukumo wa magari yasiyotoa moshi si wa jana. California waliwaamuru watengenezaji 1990 kwamba kufikia 1998 asilimia 2 ya mauzo yao yawe magari ya namna hiyo. General Motors (GM) wakaleta gari la umeme EV1 mwaka 1996, wakaikodisha tu, kisha wakayakusanya na kuyasaga mengi. Sheria yenyewe ilikuwa imeshalegezwa. Haibridi zikapata nafasi hapo katikati.

Awamu hii mambo yanapanda na kushuka vilevile. California 2022 walipanga kufikia asilimia 100 mwaka 2035, na haibridi za kuchomeka zikaruhusiwa kuhesabiwa humo hadi sehemu moja ya tano. Juni 2025 Rais Trump akatia saini azimio la Bunge la kufuta ruhusa ya serikali kuu iliyoiwezesha California kuweka kanuni hiyo, California wakakimbilia mahakamani. Umoja wa Ulaya waliweka 2035 pia, kaboni dioksidi ya magari mapya ipungue kwa asilimia 100, mwishoni mwa 2025 Tume yao ikapendekeza kulegeza punguzo hilo hadi asilimia 90. Uingereza petroli na dizeli tupu mpya zinakoma 2030, haibridi zimepewa hadi 2035. Norway hawakupiga marufuku chochote, walitoza kodi nzito petroli na kusamehe umeme, na 2024 magari 89 kati ya 100 mapya yalikuwa ya umeme. Ethiopia 2024 walizuia kabisa uingizaji wa magari ya petroli na dizeli.

Zote hizo zinagusa magari mapya yanayouzwa au kuingizwa. Haibridi iliyo barabarani hainyang'anywi na mtu.

Gia ya Tano (#13)

Na haidrojeni je? Toyota Mirai si ipo tangu 2014?

Bwana Hesabu (#14)

Ipo. Ukichukua uniti 100 za umeme, ukatengeneza haidrojeni, ukaigandamiza, ukaigeuza tena umeme ndani ya gari, zinazofika tairini ni kama 30. Betri inafikisha 70 na zaidi. Kwa gari dogo mjadala umeisha, kwa meli na viwanda tufungue uzi mwingine.

Mzee wa Dizeli (#15)

Na vumbi la matairi je? Fundi kasema matairi yanaisha mapema. Hiyo sifuri mnayoimba iko wapi?

Bwana Hesabu (#16)

Sifuri inayopimwa ni ya bomba la moshi, mzee. Vumbi la tairi lipo na gari zito linaongeza. La breki linapungua kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo. Ulaya kanuni ya Euro 7 imeweka kipimo cha vumbi la breki kwa mara ya kwanza, na matairi yamo, kwa magari yote pamoja na ya umeme. Ni hoja halali. Haiirudishi dizeli kwenye mchezo.

Mama Wawili (#17)

Nimesoma hadi hapa. Sisi tunakaa ghorofani, gari linalala kwenye maegesho ya pamoja, hakuna soketi na mwenye jengo nimemuuliza akacheka. Kazini pia hakuna.

Bwana Hesabu (#18)

Basi dada chukua haibridi ya kawaida, si ya kuchomeka. Siku mwenye jengo akiacha kucheka, uza uhame.

WayaChungwa (#19)

Naunga mkono. Kabla hujalipa: ng'oa ule wavu wa pembeni ya kiti uone rangi yake. Washa gari likiwa baridi, usikilize kama injini inazima ikishapata joto au inabaki inanguruma bila sababu. Kisha mwombe fundi achomeke mashine ya kusoma kompyuta, mpande mlima mmoja huku anatazama volti za betri pea kwa pea, yaani moduli mbili mbili. Zinatakiwa zishuke na kupanda pamoja. Ukiona pea moja inazama kuliko wenzake kila ukikanyaga mafuta, mrudishie mwenyewe ufunguo wake.